Kabla ya kutuma tena ile video ya lemuri

Kuna video moja ambayo haizeeki. Ilichukuliwa kusini mwa Madagaska, ikasambaa duniani kote mwaka 2016, na mpaka leo inazunguka katika vikundi vya WhatsApp vya huku kwetu kana kwamba imechukuliwa jana. Vijana wawili wameketi chini, na kando yao kuna mnyama wa kijivu mwenye mkia mrefu wa pete nyeusi na nyeupe. Wanamkuna mgongo. Wakiacha, anawageukia, anajigusa mgongoni kwa mkono wake kama mtu anayesema endeleeni, nani kawaambia muache? Watu wanacheka, wanaituma kwa wengine, na haikosi mtu wa kuuliza mnyama huyo anauzwa wapi, au mwingine kusema angemtaka awe nyumbani kwa ajili ya watoto.

Siwalaumu wanaocheka. Video inachekesha kweli. Lakini yule anayeuliza bei anastahili kujibiwa, kwa sababu swali lake limekwisha kuchunguzwa na wataalamu. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Tara Clarke walitoa matokeo ya kazi yao: walikuwa wamepitia ujumbe wa watu kwenye Twitter, wakaona kwamba baada ya video ile kuenea, idadi ya waliosema wanataka lemuri wa kufuga iliongezeka. Hawakuwa wawindaji wala wafanyabiashara. Walikuwa watu wa kawaida kama mimi na wewe, wenye simu mkononi na roho nzuri. Ndiyo maana nasema kwamba lemuri mwenye mkia wa pete anaponzwa na umaarufu wake, na kwamba sisi wa Congo, wenye sokwe na makako wanaouzwa sokoni, tuna sababu ya kumtazama kwa makini zaidi ya kucheka tu.

Kwanza, huyu si makako. Wengi huku wanamwita hivyo kwa sababu ana mikono na anakaa kama mtu, lakini makako ni ndugu yake wa mbali. Ndugu yake wa karibu kwetu ni komba, yule wa usiku mwenye macho makubwa, anayelia porini kama mtoto mchanga. Komba na lemuri wote wana pua yenye unyevu kama ya mbwa, na meno ya mbele ya chini yaliyobanana na kulala mbele mfano wa kitana, ambayo wanayatumia kuchana manyoya. Tofauti ni kwamba huku Afrika komba amebaki mdogo na wa usiku, labda kwa sababu mchana wenye miti walikuwa wengine. Madagaska, ambayo wazee wa pwani ya Waswahili waliiita Bukini, haikuwa na makako. Kisiwa kizima kilikuwa wazi kwa lemuri, wakagawanyika mpaka leo zinahesabiwa aina zaidi ya 100, kuanzia wanaoenea kiganjani mpaka wanaolingana na mtoto mdogo. Hakuna sehemu nyingine duniani wanakoishi porini kwa asili, ukiacha visiwa vya Komoro walikofikishwa na binadamu.

Yule wa mkia wa pete, ambaye Wamalagasi wanamwita maki, ana uzito wa kilo mbili na kidogo. Mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Katika lemuri wote ndiye anayependa zaidi kushuka chini: sehemu kubwa ya siku yuko ardhini, mkia umesimama juu kama bendera, kundi zima likifuatana. Hilo linampa sura ya mnyama asiyeogopa, na ndilo linalomfanya awe rahisi kumpiga picha na rahisi kumkamata.

Sasa kuhusu filamu. Watoto wetu wanamjua mfalme Julien wa filamu ya Madagascar ya mwaka 2005, anacheza, anaamuru, kila mtu anamtii. Waliotengeneza filamu hiyo walijua kuchekesha, ila jambo moja waliligeuza juu chini: kwa lemuri wa mkia wa pete hakuna mfalme. Anayetawala ni mama. Jike akija penye chakula, dume anaondoka, na asipoondoka anapigwa kofi. Jike mdogo kwa umri anaweza kumnyang'anya dume mzima tunda lililoko mkononi, na dume hajibu. Mtafiti Alison Jolly, aliyeanza kuwachunguza mwaka 1963 katika msitu wa Berenty na kuandika kitabu mwaka 1966, ndiye aliyeuambia ulimwengu wa wasomi jambo hilo, wakati ambapo wengi waliamini kwamba katika jamii za wanyama wa namna hii lazima dume awe juu. Wakulima wa pale bila shaka walikuwa wameliona zamani.

Mabinti wanabaki katika kundi la mama zao maisha yao yote. Madume ndiyo yanayohama, yakikua yanatoka kutafuta kundi jingine, na mara nyingi yanapokelewa kwa mapigo. Silaha yao ya kushindana ni harufu. Dume ana tezi kwenye kifundo cha mkono na nyingine karibu na bega. Anausugua mkia wake hapo mpaka unuke, kisha anamwelekea mwenzake na kuupeperusha juu ya kichwa. Wanasimama hivyo, wanapungiana uvundo, mpaka mmoja anachoka na kuondoka. Nimewahi kufikiri kwamba mikutano yetu kadhaa ingemalizika vizuri zaidi kwa njia hiyo, lakini tuendelee.

Asubuhi kukiwa na baridi wanakaa wima kwenye jua, miguu wameitanua, mikono juu ya magoti, tumbo wazi, kama wazee wanaota moto. Si uvivu. Kusini mwa Madagaska ni nchi kavu, usiku baridi, chakula haba kwa miezi mingi, na mwili wa lemuri umezoea kutumia nguvu kidogo. Jua ni chakula cha bure. Katika mbuga ya Tsimanampesotse watafiti wamewaona hata wakilala ndani ya mapango ya mawe. Chakula chao kikubwa katika misitu ya kandokando ya mito ni ukwaju, matunda na majani yake. Miti mingine ikikauka, mkwaju bado una kitu.

Na kalenda yao ya uzazi ndiyo ya kushangaza kuliko yote. Jike anaweza kupata mimba kwa muda wa saa chache tu katika siku moja, na majike wa kundi moja wanafuatana karibu karibu, mwezi wa nne au wa tano. Mimba inachukua miezi minne na nusu. Watoto wanazaliwa mwezi wa tisa hivi, wakati nchi bado ni kavu na mama ananyonyesha akiwa na njaa. Kwa nini azae wakati mbaya hivyo? Kwa sababu mtoto akianza kuacha ziwa, mvua zitakuwa zimefika na majani machanga yametoka. Mama anabeba njaa yake ili mtoto akute chakula. Mvua ikichelewa, hesabu hiyo yote inaharibika. Katika hifadhi ya Beza Mahafaly, hata miaka ya kawaida, karibu nusu ya watoto hawafikishi mwaka mmoja. Ulipokuja ukame wa 1991 na 1992, watoto 80 kati ya 100 walikufa, na kundi la watu wazima nalo likapungua sana, majike pamoja.

Nimekaa sana juu ya mambo haya kwa makusudi. Mtu anayeuliza bei ya lemuri anafikiri ananunua kitu kama paka. Anachonunua ni kiumbe mmoja aliyetolewa katika ukoo wa mama, mabinti na dada, ambao ndio uliokuwa ukimfundisha chakula gani kipo wapi mwezi gani na mlio upi ni wa kipanga, upi ni wa mnyama wa ardhini. Mtoto wa lemuri hubebwa kifuani, halafu mgongoni kwa mama. Ili umpate lazima umbandue hapo. Nyumbani anafungwa kamba kiunoni, anapewa wali na mkate. Akikua anauma. Kuuma si ubaya wa tabia: anafanya kwa watoto wa nyumba yale ambayo angeyafanya kwa wenzake kundini. Basi mwenye nyumba anamchoka, na lemuri aliyechokwa hana pa kwenda, maana msituni hakuna kundi linalomjua.

Si jambo la watu wachache. Utafiti uliofanywa katika miji ya Madagaska ulikadiria kwamba tangu 2010 mpaka katikati ya 2013 lemuri zaidi ya 28,000 wa aina mbalimbali walifugwa kinyume cha sheria ndani ya nchi yenyewe. Wa mkia wa pete ndio wanaoonekana zaidi, hasa kwenye hoteli na mikahawa, ambako mgeni anapigwa naye picha, anairusha mtandaoni, na mwingine akiiona anataka na yeye. Ajabu ni kwamba sheria inayowalinda ipo tangu mwaka 1960. Lemuri wote wako pia katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, maana yake biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku. Pamoja na hayo, mwezi wa tano 2024 polisi wa Thailand walikamata lemuri 48 pamoja na kobe zaidi ya elfu moja kutoka Madagaska. Wengi wao walirudishwa nyumbani kwa ndege mwishoni mwa mwaka ule. Fikiria safari: kutoka nchi ya miiba ya kusini mpaka Asia na kurudi, kwa ajili ya sebule ya mtu.

Wamebaki wangapi? Hapa wataalamu waligombana, na ugomvi wenyewe una somo kwetu. Mwishoni mwa 2016 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalifikia makadirio ya lemuri wa mkia wa pete 2,000 mpaka 2,400 porini, na kusema kwamba wamepungua kwa asilimia 95 tangu mwaka 2000. Hesabu hiyo ikimaanisha kwamba walioko katika bustani za wanyama za dunia wanaweza kulingana na walioko porini au kuwazidi. Wengine wakajibu mwaka uliofuata: mmehesabu sehemu mlizozifikia, kuna misitu ambayo hamkuitembelea, idadi lazima ni kubwa zaidi. Huenda walikuwa na haki. Lakini angalia kitu gani hakuna aliyekisema: hakuna aliyedai kwamba wanaongezeka. Umoja wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, uliwaweka kati ya wanyama walio hatarini tangu 2014, na mwaka 2020 ulitangaza kwamba aina 103 kati ya 107 za lemuri zote zinatishiwa kutoweka.

Sisi tumepitia mabishano kama hayo hayo. Mwaka 2016 ilitolewa ripoti kwamba sokwe wakubwa wa nyanda za mashariki mwa Congo, wale wa Kahuzi-Biega na misitu ya jirani, wamebaki 3,800 kutoka karibu 17,000 waliokadiriwa miaka ya 1990. Mwaka 2021 hesabu nyingine ikasema ni 6,800. Nilisikia watu wakifurahi na wengine wakidhihaki kwamba wazungu hawajui kuhesabu. Ndugu zangu, kutoka 17,000 kuja 6,800 si habari njema. Ni kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imeungua yote, kisha akaambiwa hapana, jiko limebaki.

Kinachowamaliza lemuri si bunduki peke yake, wala si kamba ya mwenye hoteli. Ni msitu kuondoka. Madagaska ilipoteza asilimia 44 ya misitu yake ya asili kati ya 1953 na 2014. Kusini na magharibi, wanakoishi maki, miti inakatwa na kuchomwa ili kupanda mahindi, na inafanywa makala kwa ajili ya majiko ya miji kama Toliara. Mwaka 1998 yakaonekana mawe ya yakuti ya bluu huko Ilakaka, kijiji kidogo kikageuka mji wa wachimbaji katika muda mfupi sana, na wachimbaji wanataka kuni, wanataka mashimo, wanataka nyama. Msomaji wa Walikale au Shabunda hahitaji kuelezwa zaidi. Weka koltani mahali pa yakuti, habari ni ile ile.

Lakini naomba tusikimbilie kumhukumu mkata makala. Kusini mwa Madagaska ni sehemu maskini sana ya nchi maskini, na ukame ulioanza 2019 uliwafikisha watu mahali pa kula majani ya cactus na nzige. Wana neno lao la njaa hiyo, kere, kwa sababu si mara ya kwanza. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asikate mti kwa sababu lemuri ni mzuri, umemtukana. Na huku kwetu, aliyepika maharage ya leo kwa makala yaliyotoka katika mbuga ya Virunga, awe mwangalifu na kidole chake cha kunyoosha.

Zamani kulikuwa na ulinzi mwingine, na bado upo sehemu kadhaa. Wamalagasi wanauita fady: mwiko. Koo nyingi zilikatazwa na wazee kula lemuri, au kuingia katika msitu fulani wenye makaburi. Wahunde, Washi, Warega na wengine wetu wanaelewa jambo hilo bila mkalimani, kwa kuwa kila ukoo una mnyama wake usioliwa. Shida ya mwiko ni kwamba unamfunga aliyezaliwa nao. Wakija wageni kutafuta mawe au mashamba, wao hawakulelewa na mwiko huo, na mwenyeji akiona mgeni anakula bila kupatwa na baya lolote, naye anaanza kujiuliza.

Basi nini kimefaulu? Naamini jibu lililo zuri kuliko mengine liko Anja. Ni mahali padogo, kilomita kama 12 kutoka mji wa Ambalavao, kando ya barabara ya taifa nambari 7. Miamba mikubwa ya granite, mapango, makaburi ya wazee, na kipande cha msitu cha hekta 30 na kidogo. Kipande! Shamba la tajiri mmoja wa huku kwetu linaweza kukizidi. Ndani yake wanaishi mamia ya lemuri wa mkia wa pete. Mwaka 1999 wanakijiji, baada ya kuona msitu wao unakwisha na chemchemi zinapungua, walijiunga katika chama wakakiita Anja Miray, wakaanza kuusimamia wenyewe. Sheria ya Madagaska ya mwaka 1996 iliruhusu serikali kuikabidhi jamii usimamizi wa mali ya asili, nao wakaitumia. Anayewaongoza wageni ni mtu wa kijijini, na tiketi inakatwa kijijini. Pesa zikaingia katika shule, vitalu vya miche, mabwawa ya samaki. Mwaka 2012 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, liliwapa tuzo ya Equator.

Pale, lemuri si mali ya serikali inayokaa mbali, wala ya shirika lenye gari jeupe. Ni ya kijiji. Mtu akija na mtego, hakutani na askari mmoja aliyechoka ambaye hajalipwa. Anakutana na kijiji kizima ambacho mapato yake yanapanda na kushuka pamoja na idadi ya wale wanyama. Na mwiko wa wazee wa kutokula lemuri haukutupwa, umepata mwenzake wa kuusaidia, ambaye ni daftari la mapato.

Beza Mahafaly nako, ile hifadhi niliyoitaja penye ukame, ilianza kwa mazungumzo na wakaaji miaka ya 1970. Wao wenyewe walikubali kutoa msitu wa karibu hekta 600, ndipo serikali ikautangaza rasmi kuwa hifadhi mwaka 1986. Sisemi hakukuwa na malalamiko. Nasema mazungumzo yalitangulia uzio.

Nisije nikaonekana nauza asali tupu. Anja ina matatizo, na mengine ni makubwa. Msitu wake ni kama kisiwa. Lemuri wake hawawezi kuhama kwenda kuoa mahali pengine kwa urahisi, na damu ikizunguka pamoja sana ugonjwa mmoja unaweza kuwamaliza. Pesa za watalii nazo hukatika. Zilikatika mwaka 2009 nchi ilipoingia katika mgogoro wa kisiasa, zikakatika tena 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona. Tena si kila kijiji kiko kando ya barabara kuu yenye watalii. Kijiji kilichoko siku tatu kwa mguu kutoka barabarani hakiwezi kuishi kwa tiketi, na sisi vijiji vya namna hiyo ndivyo tunavyo. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu akisema tulete watalii kuona sokwe, kila kitu kitanyooka. Utalii huku hutegemea amani, na amani kila mtu anajua iko wapi.

Ninachokichukua Anja ni haki ya karatasi. Congo tuna karatasi hiyo. Amri nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wanaoushikilia kwa desturi, mpaka hekta 50,000, wapewe bure na kwa kudumu, kwa sahihi ya gavana wa jimbo. Hekta 50,000! Anja wamelinda mamia ya lemuri juu ya 30 tu. Lakini ramani lazima itengenezwe, mikutano ifanyike, makaratasi yafuatwe mpaka mji mkuu wa jimbo, na kijiji kisicho na shirika la kukishika mkono kinaishia njiani. Sielewi kwa nini wabunge wetu wa jimbo, ambao kila uchaguzi wanapita vijijini humo, hawalifanyi jambo hili kuwa kazi yao. Kutengeneza ramani ya msitu kunagharimu kidogo kuliko kampeni.

Badala yake sisi tulianza kwa uzio. Kahuzi-Biega ilitangazwa mbuga mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na Wambuti, ambao wengine wanawaita Batwa, wakatolewa katika msitu wa baba zao bila fidia. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba nchi yetu ilikiuka haki zao. Miaka karibu 50 ya ugomvi, damu imemwagika ya walinzi na ya Batwa, na sokwe hawakupata faida yoyote katika hiyo. Mtu aliyeufahamu msitu kuliko wote akifanywa adui wa msitu, mfanyabiashara wa makala ndiye anayecheka.

Narudi sasa kwa anayeuliza bei, maana najua hauliziwi lemuri tu. Huku kwetu anayeuzwa ni mtoto wa sokomutu, au makako mdogo katika kikapu kando ya barabara. Kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 2002 katika eneo la Kabare, kinatunza sokwe zaidi ya 100 walionyang'anywa watu. Kwa kila mtoto wa sokwe anayefika mikononi mwa mtu, mama yake ameuawa, na mara nyingi wengine waliojaribu kumtetea. Na thamani ya watoto hao machoni pa wahalifu imefika wapi? Mwezi wa tisa 2022, Lubumbashi, watu waliingia usiku katika kituo cha JACK wakaiba watoto watatu wa sokwe, kisha wakadai pesa ili wasiwaue. Utekaji nyara ambao tumezoea kuusikia kwa wafanyabiashara na madaktari ulifika kwa sokwe wachanga.

Sheria ya Congo nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inakataza kumshika, kumfuga au kumuuza mnyama anayelindwa. Haijali kama ulimnunua kwa huruma. Hapo ndipo watu wema wengi wanapoangukia: wanamkuta mtoto wa sokwe amefungwa kamba, analia, wanatoa dola ili wamwokoe. Vituo kama Lwiro havinunui mnyama, na sababu yao ni rahisi: muuzaji akishika pesa zako leo, kesho anarudi msituni kuleta mwingine. Ukimkuta mnyama wa namna hiyo, kumbuka mahali, siku na saa, mpelekee habari hiyo mtu wa ICCN au msimamizi wa mazingira aliye karibu nawe, na mfuko wako uuache umefungwa. Ile video ya lemuri, ukiipokea tena kesho, iache ibaki kwenye simu yako.